Bei ya Kesho

Mafuta ya kupikia yalipanda bei Jumanne saa tisa alasiri, ingawa wanunuzi wangeyakuta yamepanda Jumatano asubuhi. Katika saa hizo za katikati, duka zima lilikuwa na watu watatu tu waliojua: meneja, aliyeletewa habari kwa simu na mwenye duka, keshia mkuu, aliyeingiza bei mpya kwenye mashine, na mwanamume mmoja mwembamba wa miaka arobaini na kitu, ambaye kazi yake ilikuwa kuchapa vibandiko vya bei, kuvikata kwa mkasi, na kuvibandika kwenye rafu alfajiri kabla milango haijafunguliwa. Mtaani walimwita Kibandiko. Mwanzoni jina hilo lilimkera. Siku hizi aliliitikia hata mkewe alipomtania nalo.

Mwaka uliopita alibadilisha vibandiko kumi kwa wiki. Sasa alibadilisha kumi kabla ya chai, na mkasi ulikuwa umemtia sugu kwenye kidole gumba. Watu waliompita kwenye rafu walimtazama kama vile bei zilitoka kichwani mwake. Bibi mmoja aliwahi kumwambia taratibu, bila hasira, kwamba Mungu anamwona. Alimjibu, "Ananiona kweli, mama," akaendelea kubandika.

Alikuwa ameweka sahihi kwenye karatasi inayosema kwamba bei ya kesho haitoki nje ya duka leo. Kwa miaka sita aliitii. Mara ngapi alimwona mkewe akitoka asubuhi kwenda kununua sukari ambayo jana yake ilikuwa nafuu, naye akanyamaza akafunga kamba za viatu. Aliona ni uaminifu. Mkewe, laiti angejua, angeliita jambo hilo kwa jina jingine.

Lakini Jumanne hiyo asubuhi alikuwa ameikuta chupa ya mafuta jikoni imepinduliwa kichwa chini ndani ya kikombe, ikidondosha tone kwa tone tangu jana yake. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na tangu miezi minne nyuma alikuwa akizungushia uzi mwekundu kwenye chupa ya mafuta kuonyesha kikomo cha siku: chini ya uzi hapaguswi. Uzi ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kitako cha chupa. Sasa jioni, karatasi ya bei ikiwa imekunjwa kichwani mwake, Kibandiko aliiona ile chupa tena, na akaiona namba mpya juu yake. Ilikuwa imepanda kwa theluthi nzima.

Alikaa kwenye kiti cha mlangoni akavua viatu. Mama yake alikuwa kitandani chumba cha ndani, amelala chali kwa sababu ya kizunguzungu. Mabinti zake wawili walikuwa wakiandika kazi ya shule chini ya meza ya cherehani, maana juu ya meza hapakuwa na nafasi.

"Kama una hela yoyote," alimwambia mkewe bila kumtazama, "kanunue mafuta leo."

Mkewe aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio. Hakuuliza kwa nini. Ndoa ya miaka kumi na mitatu na mbandika bei ilikuwa imemfundisha kusoma ukimya wake, na huu haukuwa ukimya wa kawaida. Hela alizokuwa nazo si zake. Mteja alikuwa ameacha malipo ya kununulia kitambaa cha sare. Alizichukua, akajifunga kitenge, akatoka.

⁂

Alinunua chupa nne. Keshia mkuu ndiye aliyempokelea malipo, mwanamke mpole mwenye miwani, mjane, anayejulikana kwa kuwasalimia wateja wote kwa sauti ile ile. Aliziona zile chupa nne, akamwona mwenye kuzinunua, akamtakia jioni njema.

Njiani mke wa Kibandiko alikutana na jirani yake wa chumba cha mkabala, mama wa watoto watano, mwenye kufua nguo za watu. Jirani aliitazama mikono yake yote miwili ilivyoelemewa, akauliza kama kuna harusi. Angeweza kumdanganya. Lakini mwanamke huyo ndiye aliyembeba mama mkwe wake mgongoni mpaka zahanati siku ile presha ilipompanda, na mtu wa namna hiyo humwachi akanunue kesho kwa theluthi zaidi ilhali wewe unajua. Alimnong'oneza. Akamwomba asimwambie mtu.

Jirani hakumwambia mtu. Alimwambia dada yake tu. Dada yake naye akamwambia mtu mmoja tu. Kufikia saa moja jioni watu walikuwa wamejipanga mpaka nje ya mlango wa duka, kila mmoja na chupa mbili, tatu, tano, na wasiojua kinachoendelea wakajiunga kwenye foleni kwa sababu foleni yenyewe ilikuwa habari tosha. Duka lilipofungwa, rafu ya mafuta ilikuwa imebaki mbao tupu na doa moja la kunata mahali chupa ilipovuja.

Alfajiri Kibandiko alifika na kibandiko chake kipya. Akakibandika chini ya rafu tupu, kwa sababu ndiyo kazi aliyotumwa.

⁂

Meneja hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu aliyepigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi na mwenye duka, na sauti ya simu ile bado ilikuwa masikioni mwake alipowaita wafanyakazi wote stoo, wakasimama katikati ya magunia ya unga. Aliwaeleza hasara. Akawaeleza kwamba waliokuwa na habari ni watatu, na mmoja wao ni yeye, na yeye hakusema.

Wengine wakatazama chini, kwa heshima, kama watu waliokaa na familia isiyo yao wakati ugomvi unapoanza. Kibandiko alihisi ulimi umekuwa mzito kama kipande cha sabuni. Alijua la kusema. Lilikuwa neno moja, "mimi". Aliliandaa. Kisha akaiona kodi ya nyumba inayodaiwa Ijumaa. Akaviona vidonge vya presha vya mama yake, ambavyo tangu vilipopanda bei mama alikuwa akivimeza siku moja na kuruka siku moja, akidhani hakuna anayejua. Akamwona binti yake mkubwa aliyeambiwa shuleni asirudi Jumatatu bila madaftari. Neno likabaki mdomoni, na mdomo ukabaki umefungwa.

Meneja akasema kwamba chupa nyingi zaidi zilipita kwenye kaunta ya keshia mkuu. Aliziona zikipita, hakutoa taarifa. Kama si yeye aliyesema, basi alinyamaza, na kwa duka ni mamoja.

Keshia alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sare yake, akaivaa. Alimtazama Kibandiko mara moja. Haikuwa hata sekunde mbili. Kisha akasema kwamba chupa zilikuwa zinauzwa kihalali na kazi yake ni kuuza. Hakusema jambo jingine. Mchana alipewa malipo ya siku alizofanya, akarudisha sare, akaondoka na mfuko wa nailoni wenye kikombe chake cha chai na kandambili alizokuwa akivaa chini ya kaunta.

Jioni Meneja alimwita Kibandiko ofisini. Kuanzia kesho, alisema, utabandika alfajiri, halafu utakaa kwenye kaunta mpaka saa kumi. Mshahara ni ule ule, hali unaiona mwenyewe. Akaongeza kwamba karatasi ya bei haitatolewa tena alasiri. Itakuwa ndani ya bahasha iliyofungwa, ifunguliwe alfajiri mbele yake. Kisha akamshukuru kwa uaminifu wake.

⁂

Kibandiko alimweleza mkewe kila kitu kabla hajakaa. Mkewe alikuwa amerudi kutoka dukani kwa muuza vitambaa mikono mitupu: kitambaa cha sare nacho kilikuwa kimepanda, na zile hela za mteja alizozirudisha kwa kukopa kwa jirani hazikutosha tena. Alisikiliza hadi mwisho huku amesimama, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Kesho utakwenda kusema," alisema.

"Nikisema, wanatufukuza wawili. Yeye hatarudi."

"Umejuaje hatarudi?"

Hakujua. Alikuwa anatumaini tu, na kutumaini jambo la namna hiyo kulimtia haya. Mkewe akamwambia kwamba kosa ni lake yeye, aliyefungua mdomo njiani, na kama mume anaogopa basi atakwenda yeye amwambie Meneja. Kibandiko akamuuliza kodi ataitoa wapi. Mke akamuuliza kama kodi ya nyumba inalipwa kwa kumtoa kafara mtoto wa mtu. Walisemezana hivyo kwa sauti ya chini, kwa kuwa ukuta ulikuwa mwembamba na watoto walikuwa macho, na kwa sauti ya chini maneno yalizidi kuuma.

Mama yake Kibandiko akatoka chumba cha ndani akishika ukuta. Wote wawili wakamsogezea kiti. Alikaa, akavuta pumzi, kisha akasema kwamba alikuwa amesikia.

"Wanangu, mimi nikiwa kijana ningesema nenda kaseme," alisema. "Sasa ni mzee, nakula mkononi mwenu, na mdomo wangu hauna haki ya kusema nenda, wala hauna ujasiri wa kusema usiende. Kwa hiyo msiniulize."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mke wa Kibandiko akaenda jikoni akapika. Chakula cha jioni hiyo kilikuwa na mafuta ya kutosha kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mtoto mdogo akasema kitamu. Wakubwa watatu walikula wakiangalia sahani zao.

Asubuhi Kibandiko alikwenda kazini. Hakusema. Siku ya pili pia hakusema, na siku ya tatu akagundua kwamba tayari ameacha kujiandaa kusema.

⁂

Jumapili mkewe aliifunga chupa moja ya mafuta ndani ya kanga akaenda kumtafuta keshia. Alimkuta nyumbani kwake, chumba kimoja safi chenye mapazia aliyoyatambua, maana aliyashona yeye mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Keshia alimkaribisha kitandani, naye mwenyewe akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana habari za watoto, za wagonjwa, za joto. Ndipo mgeni akaitoa ile chupa, akaiweka sakafuni katikati yao, na machozi yakamtangulia.

Keshia alimwacha alie kidogo. Kisha akaichukua chupa, akaisogeza upande wake.

"Wifi, mtu hawezi kuringa mbele ya mafuta kwa bei hii," alisema. "Nimepokea. Ahsante."

Mgeni akaanza kueleza. Keshia akamkata kwa upole. Alijua tangu jioni ile ile. Chupa nne mkononi mwa mke wa mbandika bei hazihitaji mpelelezi. Angeweza kulitaja jina pale stoo, na alikuwa amelifikiria.

"Sikumnyamazia kwa wema, usinipambe," alisema. "Mwezi uliopita Meneja aliniambia kaunta moja itafungwa. Akaniambia nianze kutafuta pengine. Wangenitoa tu. Mafuta yaliwarahisishia, wasinilipe kiinua mgongo. Ningemtaja mumeo, tungekuwa nyumba mbili zenye njaa badala ya moja, na mimi bado nipo hapa juu ya ndoo."

Mke wa Kibandiko alitegemea kutukanwa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi njia nzima, na sasa hakujua auweke wapi ule utayari wake. Aliuliza kama kuna lolote wanaloweza kumsaidia. Keshia alifikiri. Alikuwa ameanza kuuza maji ya barafu na vitafunio vya kukaanga mlangoni kwa shule, alisema, na faida yote inaliwa na bei anazokutana nazo dukani bila taarifa.

"Jambo moja tu. Mumeo akijua kitu kinapanda kesho, anitumie habari leo. Mimi sitamwambia hata paka."

Wote wawili wakacheka kidogo, kwa kuwa kilikuwa kichekesho kweli, na mke wa Kibandiko akaahidi.

Aliporudi akamweleza mumewe. Kibandiko alisikiliza mpaka kwenye ile ahadi, akainamisha kichwa. Alimkumbusha kuhusu bahasha. Sasa alikuwa anazijua bei saa kumi na moja alfajiri, Meneja akiwa amemsimamia, na saa mbili milango inafunguliwa. Kati ya hapo haruhusiwi kutoka wala kushika simu. Kile kitu kimoja alichokuwa nacho duniani ambacho wengine hawakuwa nacho, alikuwa amekitumia mara moja katika miaka sita, na hakipo tena.

"Basi kanyamaze tena," mkewe akasema. Hakusema kwa ukali. Alirudi kwenye cherehani akaanza kugeuza kola ya shati la mtu, upande uliochakaa ndani, upande mzima nje. Kazi za namna hiyo ndizo zilizokuwa zikimjia siku hizi. Nguo mpya hakuna aliyeshona.

⁂

Mwisho wa mwezi keshia alikuja dukani kununua vitu vya biashara yake.

Ilikuwa saa nne asubuhi na foleni ilikuwa ndefu, kwa sababu kaunta ilikuwa moja. Kibandiko alimwona kabla hajafika, watu sita nyuma, ameshika kikapu kwa mikono miwili. Unga ulikuwa umepanda asubuhi hiyo, na sukari, na mafuta kwa mara ya pili. Alivibandika mwenyewe vibandiko vyote vitatu. Alitamani foleni isisogee, na ikasogea.

Walisalimiana. Akamwita dada, naye akamwita kaka, akauliza habari za mama. Kibandiko akajibu kwamba anaendelea. Akapitisha unga, mashine ikalia. Akapitisha mafuta, sukari, karatasi za kufungia, kipande cha sabuni. Namba ikajitokeza kwenye kioo, na keshia akaitazama namba ile, kisha akatazama noti alizozikunja kiganjani. Alikuwa amepiga hesabu kwa bei za wiki iliyopita.

"Imezidi," alisema taratibu.

Kibandiko angempa. Alikuwa na hela ya nauli, chache, lakini zingesogeza. Tatizo ni kwamba mtu wa kaunta hukabidhi kila kilicho mfukoni mwake asubuhi, kiwekwe kwenye kabati la Meneja mpaka jioni, ili asije akachanganya hela za duka na zake. Mifuko yake ilikuwa mitupu kwa amri.

"Ondoa sukari," keshia akasema.

Akabonyeza. Mashine ikakataa kwa mlio mrefu. Akabonyeza tena, ikakataa. Hakuwa amefundishwa kuondoa kitu, kuongeza tu. Mara zote mbili tatu zilizotokea alimwita Meneja, na Meneja alikuwa ametoka. Watu nyuma wakaanza kusogeza miguu. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama leo watafika. Jasho likamtoka Kibandiko kwenye mdomo wa juu, na vidole vyake vikatafuta kitufe ambacho hakukijua.

Keshia aliweka kikapu chini. Akainama juu ya kaunta, akanyoosha mkono wake mpaka upande wa ndani, upande aliokaa miaka tisa.

"Kwanza hiki chekundu," alimwambia, kwa sauti ile ile aliyowasalimia nayo wateja wote. "Halafu namba ya mstari. Sukari ni wa tatu. Bonyeza tatu. Sasa hiki cha pembeni."

Sukari ikafutika. Namba kwenye kioo ikashuka, ikabaki juu bado.

"Umeona? Na sabuni fanya mwenyewe."

Alifanya mwenyewe. Chekundu, namba tano, cha pembeni. Mashine haikulia. Keshia akatikisa kichwa kumkubalia, kama mwalimu, akahesabu noti zake, akamkabidhi. Alipewa chenji ya sarafu moja na risiti. Akapanga unga na mafuta na karatasi ndani ya kikapu, akaisogeza sukari na sabuni kando vizuri zisimzuie mteja anayefuata, akaaga, akatoka.

Kibandiko alivitazama vile vitu viwili vilivyobaki kando ya mkono wake. Mzee aliyekuwa nyuma alikwishamwaga vyake juu ya kaunta na alikuwa akiuliza kama bei ya unga ni ileile ya jana.

"Imepanda, mzee," alisema, na akavuta mfuko wa kwanza.